Kitone cha Kijani

Ilikuwa Juni, Mufindi, mwezi ambao ukungu
haushuki: unahamia, na mikeka yake na vyungu vyake,
ukakaa mlangoni mwa mizani kama mdai.
Ndipo mkurugenzi akanituma kiwandani
na kompyuta tatu na sentensi moja:
"Kuanzia Jumatatu, taarifa zote humo."

Humo, yaani Baraza. Jina nililichagua mimi.

Nikaandika: Habari za asubuhi, wenzangu.
Nikasubiri.
Jioni nikaandika: Habari za jioni.
Majina ishirini na saba yalijipanga pembeni,
kila moja na kitone chake cha kijivu,
kama mbegu zilizogoma kuota.

Nikaitisha semina. Nikaleta maandazi.
Maandazi yakaisha.
Fundi Mgovano, ananuka moshi wa mikaratusi,
akauliza: "Hiki kitu kinajua boila likikohoa?"
Nikasema, wewe unaandika, sisi tunajua.
"Nikimaliza kuandika litakuwa limepasuka.
Mimi nitapiga kelele."

Mama Chengula wa mizani akabandika nywila yake
ukutani, juu ya kalenda, kwa wino mwekundu.
Wenzake wakafuata: majina ya watoto, ya ng'ombe,
moja imeandikwa tu nimechoka1.
Nikawafokea. Usiku, kitandani, nikaelewa:
asiyefunga mlango si mjinga;
amechungulia ndani, hajaona cha kuibwa.

Na kulikuwa na Kihwele.
Tarishi, koti la mvua lililosahau rangi yake,
miaka kumi na tisa kwenye kinjia kile kati ya michai
kutoka ofisini hadi kwenye vikaushio.
Ukimpa karatasi ya mistari miwili,
Trekta namba nne haitakwenda Shamba la Saba,
akifika anasema: haitakwenda,
dereva kapata mtoto wa kike, usiku, wote wazima,
na njia ya bondeni ni tope tupu, pitieni juu,
na wewe Mgovano, dada yako anakusalimu, anasema
lile deni analikumbuka.
Baraza langu lilikuwa na kisanduku cha Mada
na kisanduku cha Uharaka.
Cha deni la dada hakikuwepo.

Jumanne moja Kihwele hakuja.

Saa mbili na robo kitone kimoja kikageuka kijani.
Mizani: kihwele yuko wap
Boila: HUKU HAYUPO
(herufi kubwa zilimshinda kuzima,
ila ukimjua Mgovano, ndiyo sauti yake)
Kitalu: juzi nilimsikia anakohoa
Stoo: nani ana namba ya mkewe
Gari la majani: niko njiani naenda mafinga nipite kwake??
Kufikia saa tano, vitone ishirini na viwili,
pembe nzima ya kioo imechipua kama chai baada ya mvua.

Kichomi. Wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani.
Mchango ukachangwa humohumo:
elfu mbili, elfu tano, mimi debe la ulezi,
mimi sina kitu ila zamu ya kulala naye Alhamisi.
Mkurugenzi akaona matumizi yamepanda,
akanipongeza kwa semina.
Sikumsahihisha.

Siku ya tisa, kwa simu ya mpwa wake:
Kamwene.
Neno moja, nukta.
Na chini yake, Kamwene, Kamwene, Kamwene,
hadi nikachoka kuteremsha kidole.

Alirudi Julai, koti limempwaya.
Akasimama mlangoni kwangu, akatazama kioo
kinachomeremeta kwa ujumbe,
akacheka kidogo, akakohoa kidogo, akauliza:
"Sasa mimi nibebe nini?"

Nilikuwa na jibu la semina. Nikalimeza.

Siku hizi, kila asubuhi, naandika Baraza:
Trekta namba nne haitakwenda.
Wanauliza, vitone vyote kijani: kwa nini?
Sijibu.
Dirishani koti linapotelea ukungu, polepole,
linaelekea vikaushio.
Sababu anayo yeye.